Kanda au Diski: Historia ya Nakala Rudufu na Hatima ya Kumbukumbu za Gacaca mjini Kigali

Mahakama za Gacaca zilipofungwa rasmi Juni 18, 2012, Rwanda ilibaki na mashauri zaidi ya milioni 1.9 yaliyoamuliwa, pamoja na nyaraka zinazokadiriwa kufikia kurasa milioni 60, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Kazi ya kuzigeuza kurasa hizo kuwa za kidijitali ilipoanza mjini Kigali, suala la kiufundi lilipata uzito wa kihistoria: je, nakala rudufu ya ushahidi usioweza kutolewa upya iwekwe katika kanda ya sumaku au katika diski?

Suala hilo si geni. IBM ilitangaza mtambo wake wa kanda, 726, mwaka 1952. Mwaka 1956 ikaleta diski ya RAMAC, iliyobeba herufi milioni 5 tu. Tofauti iliyojitokeza wakati huo ingalipo. Kanda husomwa kwa mfuatano, hivyo anayetafuta faili moja hungoja izungushwe hadi mahali ilipo. Diski huifikia papo hapo. Bei ya diski iliposhuka, wengi walidhani zama za kanda zimekwisha. Hata hivyo, kaseti ya LTO, iliyoingia sokoni mwaka 2000 ikiwa na gigabaiti 100, ilifikia terabaiti 12 mwaka 2017.

Ikichukuliwa kwamba kila ukurasa wa Gacaca unahitaji megabaiti 1, kumbukumbu zote zingetimia terabaiti 60, yaani kaseti 5. Kaseti iliyotolewa mtamboni na kufungiwa kabatini haifikiwi na kirusi wala na mtumishi anayefuta faili kwa bahati mbaya. Diski iliyounganishwa na mtandao huweza kupotea pamoja na nakala asilia. Lakini kaseti 5 huenea katika mkoba mmoja. Kwa kuwa zina majina ya mashahidi na manusura walio hai, kuzihifadhi bila kuzisimba ni kuwahatarisha watu hao.

Aidha, kanda bila mtambo wake ni bubu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya vikao vyake Arusha hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015, ilirekodi ushahidi katika kanda za sauti na video. Kumbukumbu za aina hiyo hudumu iwapo tu zinahamishwa kabla mitambo ya kuzisoma haijatoweka. LTO nayo haijaepuka sharti hilo: mtambo wa kizazi cha nane hausomi kaseti za kizazi cha sita.

Kwa mintarafu hiyo, diski imfae mtafiti na familia zinazotafuta hukumu leo, nayo kanda itunzwe mbali kwa ajili ya siku ya maafa. Vyote viwili vinahitaji bajeti ya kuhamisha kumbukumbu kila baada ya miaka michache. Bajeti hiyo ikikosekana, kilichonusurika kwenye karatasi kitapotea ndani ya mashine.