MKOPO NA JEMBE: TULIKOTOKA AKINA MAMA WA NYABIBUYE



Katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu tumeona si vizuri kijitabu hiki kijae picha na shukrani tu. Inafaa tujue mkopo wa kilimo umetoka wapi, na kwa nini unamwinua mkulima mmoja na kumwangusha mwingine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ni kweli, lakini matanga hayo yana sababu zake, na sababu hizo tunazijua.

Enzi za wazazi wetu

Zamani baba wengi wa Buha walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, huko Tanga na Morogoro. Hela ya kodi ilitoka huko. Mama alibaki na jembe, watoto na maharage. Akipungukiwa mbegu aliazima kwa jirani, akarudisha baada ya mavuno. Huo nao ulikuwa mkopo wa kilimo. Na tuangalie masharti yake: unatolewa wakati wa kupanda, unalipwa wakati wa kuvuna. Basi.

Enzi za Ujamaa

Mwaka 1971 Serikali iliunda Benki ya Maendeleo Vijijini. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamia vijijini. Wakati huo tulikuwa Wilaya ya Kibondo. Kakonko ilikuja kumegwa mwaka 2012. Mikopo ilipitia vyama vya ushirika, na vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976 ikapitia vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na mwaka 1984 ile benki ikageuzwa kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB.

Nia ilikuwa nzuri. Lakini deni la kijiji kizima likawa si la mtu yeyote, na madeni mengi nchini hayakulipwa. Tena jina lililoandikwa kwenye chama mara nyingi lilikuwa la baba. Mama alilima, mbolea ikaandikwa kwa mwingine.

Mageuzi ya miaka ya 90

Kisha mambo yakageuka. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa kidogo kidogo hadi ikaondolewa. CRDB ikawa benki ya watu binafsi mwaka 1996. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, NMB ikazaliwa. Benki hizi zilitaka dhamana. Sasa sisi dhamana tungeitoa wapi? Nyumba ya udongo na shamba lisilo na hati? Pengo hilo likajazwa na mlanguzi. Anakupa hela maharage yakiwa bado maua, halafu anakuja kubeba gunia kwa bei aliyoitaja yeye.

Sanduku letu

Njia ya sanduku, hisa na funguo tatu ilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa akina mama kama sisi wakisaidiwa na shirika la CARE. Miaka ya 2000 ikaenea Tanzania, nasi tukaifuata. Mwenye hisa za shilingi 200,000 anaweza kukopa mara tatu, yaani 600,000. Dhamana yake ni hisa zake na wenzake wanaomjua. Huko nje watu wanashangaa tunalipana vipi bila polisi. Tunalipana kwa sababu hela ni yetu wenyewe.

Yaliyotufundisha

Kwa miaka hii 10 tumeona mambo manne yanayoamua mkopo utafanya kazi gani.

La kwanza ni wakati. Mvua zetu huanza Oktoba. Hela ikifika Desemba haiendi shambani tena, inakwenda dukani.

La pili ni bei. Wote tukivuna pamoja na kuuza pamoja, gunia linashuka. Mwenye deni la wiki hii hawezi kungoja bei ipande.

La tatu ni shida za nyumbani. Mtoto akiugua au akirudishwa shule, mbolea itangoja. Mama huyo si mwizi wala si mzembe. Ndiyo maana tuna mfuko wa jamii pembeni, ili ugonjwa usile mbegu.

La nne ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa jina lake. Lakini mwenzetu mmoja alikopa, akalima vizuri, na mavuno yakauzwa na mwingine. Deni lilibaki kwake.

Milango iliyopo leo

Hatuwezi kusema hakuna mahali pa kukopa. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilizinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 ili mabenki yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Kikundi kilichosajiliwa, chenye vitabu safi, kinaweza kubisha hodi.

Lakini kabla ya kubisha, tuna jambo letu la kuamua. Marejesho yetu ni ya kila mwezi. Muuza vitumbua anayaweza, maana anauza kila siku. Mkulima wa maharage aliyekopa Oktoba, Novemba atalipa nini? Anauza kuku, Desemba anauza mbuzi, na mavuno yakifika ameshakuwa maskini kuliko alipokopa.

Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu baada ya sherehe, tunaleta hoja: mkopo wa kilimo utolewe Septemba, ulipwe baada ya mavuno. Wapo wanaoogopa sanduku litakauka, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana tunapendekeza nusu ya sanduku tu iende kwenye kilimo, nusu ibaki kwa biashara ndogo na dharura.

Bibi zetu waliazimana mbegu kwa masharti hayo hayo, bila karatasi. Tuje wote tupige kura.

Akina mama, umoja ni nguvu!

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote.