Kaboya, Mucwini na Namugongo: Fahamu maeneo matatu ya kuwakumbuka mashujaa na wafiadini

Ukisafiri kwa barabara kutoka Muleba mkoani Kagera, ukavuka mpaka pale Mtukula na kuendelea hadi Kampala na kaskazini ya Uganda, utakuwa umepita njia yenye makaburi mengi ya watu waliokufa kabla ya siku zao. Wapo waliokufa na bunduki mkononi, na wapo waliokufa kwa sababu tu walikataa kuacha kusali au kukaa kimya.

Haya hapa maeneo matatu ya kuyafahamu.

1. Kaboya, Tanzania

Kaboya ipo wilayani Muleba. Hapa ndipo walipozikwa wanajeshi wa Tanzania waliokufa katika Vita vya Kagera.

Vita hiyo ilianza mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Ukifika Kyaka leo bado utayakuta magofu ya kanisa lililopigwa wakati wa vita.

Tanzania ilijibu. Wanajeshi wa JWTZ, wakisaidiwa na mgambo, waliwarudisha wavamizi nyuma na kusonga mbele pamoja na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Wengi wa waliozikwa Kaboya walikuwa vijana. Kuna wazee wa leo ambao baba zao wamelala pale, na walikuwa wadogo mno kuikumbuka hata sauti ya baba.

Kitaifa, Siku ya Mashujaa huadhimishwa kila Julai 25. Utaona silaha za jadi zikiwekwa kwenye mnara: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, pamoja na shada la maua. Kisha viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, huomba dua na sala. Ni haki hivyo, maana waliokufa nao walikuwa wa dini zote.

Siku hiyo si ya vita vya zamani tu. Julai 13, 2013 walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 7, 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja Kivu Kaskazini, DRC.

2. Mucwini, Uganda

Kabla Amin hajavamia Kagera, alikuwa tayari amemwaga damu nyingi nyumbani kwake.

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, Kitgum, mwaka 1922. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, yaani Anglikana. Watu walipokuwa wakikamatwa na kupotea, yeye alikuwa anakwenda mwenyewe kwenye ofisi za serikali kuwaulizia.

Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu. Februari 16 akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari.

Nani aliamini? Kijijini kwao, waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Kampala waumini walishachimba kaburi pale Namirembe, lakini mwili haukuletwa. Ibada ikakatazwa. Watu walikwenda hivyo hivyo, wakasali mbele ya kaburi tupu. Septemba mwaka huohuo Amin akapiga marufuku makundi kadhaa ya Kikristo.

Leo Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda, na mahujaji huenda hadi Mucwini, kwenye kaburi lake.

3. Namugongo, Uganda

Hii ni ya zamani zaidi. Kati ya 1885 na 1887, katika utawala wa Kabaka Mwanga II wa Buganda, Wakristo 45 wanaokumbukwa kama Mashahidi wa Uganda waliuawa: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi walikuwa vijana watumishi wa ikulu. Juni 3, 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka kama 14.

Kabla yao, wapo Waislamu waliouawa wakati wa Kabaka Muteesa I kwa kushikilia dini yao. Nao wasisahauliwe.

Papa Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964. Kila Juni 3 umati hufurika Namugongo, wengine wakitembea kwa miguu siku nyingi kutoka Kenya na Tanzania.

Shujaa na shahidi, tofauti ni nini?

Askari aliyekufa vitani tunamwita shujaa. Aliyeuawa kwa imani yake tunamwita mfiadini au shahidi. Neno shahidi ni lilelile la mahakamani: mtu aliyeona ukweli na akakubali kuusema.

Wa Kaboya walipigana, wa Namugongo hawakushika silaha, na Luwum silaha yake ilikuwa barua. Lakini Luwum na wale wa Kaboya waliuawa na utawala uleule, na askari waliozikwa Muleba walisaidia kuumaliza.

Tarehe za kukumbuka

Februari 16: Janani Luwum (Uganda)
Juni 3: Mashahidi wa Uganda
Julai 25: Siku ya Mashujaa (Tanzania)

Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyepigana Kagera, au mama aliyebaki mjane, mkalishe akusimulie, na uandike majina anayoyataja. Mengi kati ya hayo hayamo kwenye kitabu chochote.