Kanda za Makambini: Sauti Walizotutunzia Wasikilizaji

Katika miaka 50 ya kwaya yetu tumeingia studio mara mbili tu. Albamu hizo mbili ukizisikiliza kwa mfululizo, hazijazi saa mbili. Lakini katika nyumba nyingi za washiriki wetu, Kisii na Nyamira, ziko kanda nyingine ambazo kwaya haikuzitoa wala haikuziuza, na hakuna aliyetuomba ruhusa kuzirekodi. Zilirekodiwa na wasikilizaji wenyewe makambini, harusini na kwenye mazishi. Tulipoanza kukusanya historia ya kwaya kwa ajili ya Jubilii hii, tuliona mara moja kwamba bila kanda hizo historia yenyewe ingekuwa majina matupu.

Kaseti ililetwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka wa 1963. Kabla yake, kuhifadhi sauti mara nyingi kulihitaji studio au mitambo mikubwa. Baada yake, aliyekuwa na redio-kaseti alibonyeza vitufe viwili tu, na kanda ya C60 ikampa dakika 30 kila upande, C90 dakika 45. Huku kwetu wengi walinunua redio hizo kwa bonasi ya majani chai. Vijiji vingi havikuwa na stima, kwa hiyo zilitumia betri kubwa za Eveready zilizotengenezwa Nakuru, ambazo zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo.

Ulipofika Agosti, wakati wa makambi, redio zilibebwa pamoja na blanketi na sufuria. Mwenye redio aliwahi kiti cha mbele, akaifunika kwa leso, akawakanya watoto wasikohoe. Makambi yakiisha, jirani mwenye redio ya kaseti mbili alipata wageni wengi. Nakala zilisafiri kwa matatu hadi Keroka, hadi mashamba ya chai ya Kericho, hadi kwa jamaa walioajiriwa Nairobi. Kila nakala iliyotolewa kwenye nakala iliongeza mvumo, hata besi ikasikika kama inaimba ndani ya gunia. Watu walisikiliza hivyo hivyo.

Kwa nini, na albamu safi ilikuwepo? Jibu tumelipata kwa kusikiliza. Studio hulipiwa kwa saa, kwa hiyo wimbo hukatwa ukatoshea, na akikosea mmoja, wote hurudia. Makambini wimbo uleule uliimbwa mara tatu kwa sababu mkutano haukutaka uishe. Katika kanda moja mwimbaji wa soprano anasahau ubeti, alto wanaudaka kabla haujaanguka, na mkutano unasema Amina. Katika nyingine mvua ya alasiri inapiga mabati, nayo kwaya inapandisha sauti kuishinda. Albamu ilihifadhi wimbo. Kanda hizi zilihifadhi siku yenyewe, na aliyekuwepo siku hiyo anajisikia humo ndani.

Kuna jambo zito zaidi. Waanzilishi wengi wa kwaya hii wamelala. Baadhi yao hawakuingia studio kamwe: huyu alikosa nauli, yule alikuwa na mtoto mchanga. Mwalimu wetu wa kwanza hasikiki katika albamu yoyote. Anasikika katika kanda ya makambini, akitoa do, mi, so kabla ya wimbo, kisha akiambia tena wasikimbie. Kanda hiyo ililetwa na mama mmoja asiyewahi kuimba kwaya. Watoto wa mwalimu walipoisikia, walituomba tuirudishe nyuma tena na tena.

Mambo haya hayakutokea kwetu pekee. Kati ya mwaka wa 1901 na 1903, Lionel Mapleson, mtunza maktaba wa jumba la opera la Metropolitan mjini New York, alirekodi waimbaji wakiwa jukwaani kwa silinda za nta. Zimechakaa na zinakwaruza, lakini kupitia hizo bado tunaweza kumsikia Jean de Reszke, mwimbaji mashuhuri wa tena wa zama zile. Nayo bendi ya Marekani, Grateful Dead, mwaka wa 1984 iliwatengea mashabiki wenye mashine za kurekodi sehemu yao ukumbini. Masharti yalikuwa wabadilishane kanda, wasiziuze.

Sharti hilo lina hekima. Albamu yetu ya kwanza ilinakiliwa na kuuzwa vibandani huku sisi tukiendelea kulipa deni la studio kwa harambee. Hilo lilituumiza, na halifanani na mama aliyeficha redio chini ya leso. Hata hivyo sauti ni ya mwenyewe: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwimbaji haki ya kukubali au kukataa kurekodiwa. Kwa hiyo anayetaka kurekodi leo kwa simu amwulize kwanza mwalimu wa kwaya, kisha atuachie nakala, maana simu hupotea na ujumbe wa WhatsApp hufutwa.

Tuna ombi moja. Mwenye kanda yoyote ya kwaya hii ailete kwenye meza ya katibu baada ya ibada, hata kama imekatika. Usiijaribu kwanza katika redio ya zamani, inaweza kuitafuna. Vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi kitu kingine juu yake. Tutaihamisha kwenye kompyuta, tutaandika mahali, mwaka na majina ya waimbaji mnaowatambua, na kanda yako utarudishiwa. Hatutauza chochote kilichomo, na familia za waliolala zitapewa nakala kwanza.

Hakuna atakayeulizwa alirekodije. Tunachotaka kujua ni nani alikuwa akiimba.