Silikanti wa Tanga: Namna Utafiti Unavyozaa Ulinzi

Msitu ukifyekwa, mpita njia huona visiki. Samaki akimalizwa kilindini, uso wa maji hubaki vilevile, na anayetaka kuilinda bahari hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba kuna kinachopotea. Hapo ndipo sayansi ya bahari inapopata kazi yake kubwa, na katika upande wetu wa Bahari ya Hindi hakuna kisa kinachoidhihirisha kazi hiyo kama cha silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Ulinzi wake umekua kwa kadiri alivyojulikana, na pale elimu ilipochelewa, ulinzi nao ulichelewa.

Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, alimkuta samaki huyo katika mavuno ya meli ya uvuvi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith alimpa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae, kisha akasambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Ilipita miaka 14 hadi mvuvi wa kisiwa cha Anjouan huko Komoro, Ahamadi Abdallah, alipomvua wa pili. Wakomoro walikuwa wakimwita gombessa tangu zamani, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba wanasayansi waligundua kilichokwisha kujulikana. Hoja hiyo ina haki yake: bila wavuvi, Smith angengoja bure. Lakini kujua kwamba samaki yupo hakutuambii anaweza kustahimili kuvuliwa kwa kiasi gani.

Jibu la swali hilo lilidai subira. Mwaka 1975 watafiti wa New York walimpasua jike aliyevuliwa mwaka 1962, wakakuta watoto 5 tumboni. Ikabainika kwamba silikanti huzaa watoto hai, tena wachache. Mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke na wenzake walizama kwa nyambizi ndogo huko Komoro wakampiga picha akiwa kwao, na safari zilizofuata zilionyesha kwamba mchana hupumzika mapangoni. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walisoma alama za magamba yake, wakakadiria kwamba anaweza kufikia miaka 100, hukomaa akiwa na umri wa nusu karne hivi, na hubeba mimba kwa miaka 5. Kiumbe wa namna hiyo akivuliwa kwa wingi, pengo lake halizibiki katika umri wa binadamu mmoja.

Elimu hiyo inatufafanulia uzito wa yaliyotokea Tanzania. Silikanti alivuliwa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, kisha wakaanza kunaswa Tanga, kwa makumi, katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yake, tofauti na la Komoro. Basi wakiisha Tanga, tusitegemee wa Komoro waje kujaza nafasi yao.

Sayansi yenyewe haikosi lawama. Kwa miaka mingi makumbusho za dunia zilimtamani silikanti na zilimlipia, hadi mwaka 1989 mkataba wa CITES ulipomweka katika orodha inayozuia biashara ya kimataifa. Wapo pia wanaoona kwamba kumbana mvuvi kwa ajili ya samaki asiyelika vizuri ni kumthamini samaki kuliko mtu. Lakini silikanti hunaswa kwa bahati mbaya, na kinachohitajika ni kujua jarife lisitegwe wapi na kwa kina gani. Utafiti ukiwa makini, katazo huwa dogo. Pasipo elimu, sheria hufunga eneo zima na mvuvi ndiye anayeumia.

Wengine watauliza elimu inafaa nini palipo na uvuvi wa baruti, ambao umepigwa marufuku Tanzania tangu 1970 na bado ukaendelea kuvunja matumbawe. Mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti vya majini kando ya pwani yote. Katika saa 231 za kusikiliza walithibitisha milipuko 318, zaidi ya nusu yake ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Takwimu hizo hazikumkamata mhalifu yeyote, ila zilimaliza ubishi kuhusu ukubwa wa uharibifu na zikaonyesha doria ielekezwe wapi.

Silikanti anayezaliwa leo katika maji ya Tanga hatazaa kabla ya wajukuu wetu kuwa watu wazima. Hakuna mradi wala uongozi unaodumu muda huo. Kinachoweza kudumu ni kumbukumbu isiyokatika: mvuvi anayetoa taarifa, na mtafiti anayeandika tarehe, kina na uzito, mwaka baada ya mwaka. Taifa linalogharimia kumbukumbu hiyo ndilo litakalojua, wakati bado kuna la kufanya, kwamba silikanti wake wanapungua.