Watu wa Rais Kanda ya Ziwa

Wageni wanaofika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma, huvutwa kwanza na ngoma za kitemi na viti vya watawala. Ni wachache wanaouliza habari za banang'oma. Hawa walikuwa wazee wa baraza la mtemi. Walisimamia matambiko ya utawala, walimshauri mtemi, na alipofariki wao ndio waliomchagua mrithi wake. Mvua ikigoma na njaa ikazidi, mtemi aliweza kuondolewa madarakani, na shauri hilo halikupita bila wao. Huko vijijini walikuwapo wanangwa, waliolipeleka neno la mtemi kwa watu na kuyarudisha manung'uniko ya watu kwa mtemi.

Waingereza waliubakiza utemi lakini wakaugeuza. Kwa sheria ya serikali za wenyeji ya mwaka 1926, mtemi akawa na mshahara, karani, mahakama na daftari la kodi, na wa kumwogopa sasa akawa Bwana DC wa Mwanza. Banang'oma walibaki na matambiko. Mwaka 1963 serikali huru ya Tanganyika ikafuta kabisa madaraka ya machifu, na kanda ya ziwa ikaingia katika utaratibu mwingine wa washauri na wasaidizi, ambao makao yake yalikuwa Ikulu, Dar es Salaam.

Utaratibu huo ulizaliwa tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri na Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, akaapishwa kuwa Rais. Miongoni mwa watu wake wa kwanza alikuwa Dunstan Omari, aliyeshika ukatibu wa Baraza la Mawaziri. Kazi hiyo haina makeke. Waraka huandikwa wizarani, huchambuliwa na makatibu wakuu, kisha huingia barazani. Baraza likishaamua, katibu huandika uamuzi na kuupeleka kwa wanaopaswa kuutekeleza. Tangu hapo ni mambo ya masjala: jalada linatoka meza moja hadi nyingine, kila ofisa anaweka dokezo lake na sahihi yake. Watu hudhani nchi huendeshwa kwa hotuba. Kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa madokezo.

Hata hizo hotuba zilikuwa na wasaidizi. Joan Wicken, Mwingereza aliyeshiriki kuanzisha Chuo cha Kivukoni, alikuwa msaidizi binafsi wa Nyerere tangu mwaka 1960, akaendelea naye hata baada ya Mwalimu kung'atuka. Alifanya utafiti, akaandaa rasimu, akapanga karatasi. Hakuwahi kugombea cheo, na Watanzania wengi hawakulijua jina lake. Wapo walionong'ona kwamba mgeni huyo alikuwa karibu mno na Rais, na nadhani hoja yao haikuwa ya kipuuzi: msaidizi asiyeonekana ni vigumu kumhoji.

Mwalimu mwenyewe alipenda kuwafikia watu bila kupitia ofisi. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa kilomita zipatazo 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Lakini Rais hawezi kutembea nchi nzima. Siku nyingine zote, mtu wa Rais Mwanza alikuwa mkuu wa mkoa. Huyu aliteuliwa na Rais, akawa katibu wa TANU wa mkoa na mbunge kwa wadhifa wake. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulimwongezea uzito, kwani halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa na kazi zake zikahamia kwa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Kwa mwananchi wa Magu au Geita, serikali nzima ilikuwa imekaa katika jengo moja la mkoa.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ya mwaka 1976. Mauaji ya wazee walioshukiwa uchawi yalikuwa yamekithiri Usukumani, na serikali ikaamua kuyakomesha kwa operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Polisi na maofisa wa usalama walikamata watu wengi. Waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Operesheni iliyokusudiwa kuokoa roho ikatoa roho.

Januari 1977 walijiuzulu watu wanne. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Peter Siyovelwa alikuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais. Peter Kisumo alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa na kufungwa. Ukiyapanga majina hayo manne unaiona njia yote ambayo amri hupita kutoka Ikulu hadi ziwani: ofisi ya Rais, wizara, mkoa. Nyerere aliyakubali maombi yao, na yeye akabaki kitini.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya uungwana wa Mwinyi, mtu aliyewajibika kwa kosa asilolitenda kwa mkono wake. Uungwana huo ulikuwapo, siupingi. Ila kwa kumsifu yeye tumewasahau wawili wa mikoani, ambao ndio waliokuwa karibu na mahabusu zile, na tumewasahau zaidi waliokufa. Mwinyi alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi katika uwaziri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na Novemba 1985 akaingia Ikulu. Kwa miaka 10 yeye ndiye aliyekuwa akiteua wakuu wa mikoa.

Katiba ya mwaka 1977, iliyotoka miezi michache baada ya kujiuzulu huko, bado inatumika pamoja na mabadiliko yake mengi. Leo Ibara ya 54 inalitaja Baraza la Mawaziri kuwa chombo kikuu cha kumshauri Rais, na Ibara ya 37 inamwacha Rais huru kutoufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomlazimisha. Banang'oma wangeshangaa. Mkuu wa Mkoa wa Mwanza bado huteuliwa na Rais, na pembeni yake yupo Katibu Tawala, mtendaji mkuu wa sekretarieti ya mkoa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, akiamini kwamba mtu huyo anahatarisha amani, kwa sharti kwamba sababu ziwekwe katika maandishi na mhusika afikishwe kwa hakimu. Amri yenyewe hutekelezwa na polisi.