Kupanda na Kupakiwa

Kiswahili cha bandarini kinatenganisha vitenzi viwili ambavyo msomaji wa haraka huenda akavichanganya. Mtu hupanda chomboni, shehena hupakiwa. Mtu hushuka, shehena hupakuliwa. Ni kweli kwamba siku hizi utingo wa basi husema anapakia abiria, wala lugha haimkatai, lakini anayesema hivyo ni mwenye chombo, si abiria. Hakuna msafiri arudiye kwao akasimulia kwamba alipakiwa Unguja akapakuliwa Mombasa. Neno lenyewe, abiria, limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuvuka, nako kuvuka ni tendo la mwenye kuvuka.

Historia ya wazee na wasio na nguvu za miguu katika meli inaweza kuandikwa yote baina ya vitenzi hivyo viwili. Bahari yenyewe haijawahi kumkataa mzee. Mwenye kumkataa ni ule upenyo mwembamba ulio baina ya gati na sitaha, na kizingiti cha mlango, na ngazi.

Kabla ya magati ya kina kirefu, kupakiwa kulikuwa fungu la wote. Durban, hadi mwanzo wa karne ya ishirini, fungu la mchanga lililoziba mlango wa bandari lilizizuia meli kubwa kuingia. Zikitia nanga nje, penye mawimbi, na abiria waliingizwa katika kapu kubwa la kusukwa, refu kama mtu, lenye mlango ubavuni. Winchi ikaliinua, ikalipeleka nje ya ubavu wa meli, ikaliteremsha katika tishali iliyokuwa ikipanda na kushuka chini. Gavana na mtumishi, bibi harusi na askari, wote walipita kapuni. Mwaka 1904 meli kubwa za barua zikaanza kuingia ndani, na kapu likawa hadithi. Katika pwani ya Afrika Mashariki mambo yalichelewa zaidi: Kilindini ilipata magati yake mawili ya kwanza ya kina kirefu mwaka 1926, na Dar es Salaam ikangoja hadi 1956. Kabla ya hapo ilikuwa ni mashua, ngazi ya ubavuni, na mkono wa baharia. Mwenye magoti mazima aliruka wimbi lilipoinua mashua. Asiyeweza kuruka alibebwa.

Katika mpango huo wa zamani kulikuwa na usawa wa aina yake, kwani kapu halikuuliza nani anaweza kutembea. Gati lilipokuja likawafaa wengi, na kwa mara ya kwanza likawatenga wachache waziwazi. Wenye miguu wakapanda daraja wenyewe, na aliyebaki kubebwa akabaki peke yake, akitazamwa.

Safari ya matembezi, yaani ile ambayo mtu haendi popote ila kwenda na kurudi, ni changa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ilimpa tiketi ya bure mwandishi Thackeray azunguke Mediterania na kufika Misri, kwa kutaraji kwamba kalamu yake ingewavutia wateja; kitabu chake kikatoka mwaka 1846, na hivyo tangazo la biashara likaingia katika fasihi ya Kiingereza kwa mlango wa mbele. Lakini aliyeifanya kuwa biashara hasa ni Albert Ballin wa Hamburg. Kila kipupwe meli zake za Atlantiki zilikosa abiria, na meli iliyolala ni hasara. Tarehe 22 Januari 1891 akaiondoa Augusta Victoria katika bandari ya Cuxhaven kwenda kutembeza matajiri katika Mediterania. Wenzake walimcheka. Meli ilijaa.

Wateja wa safari hizo walikuwa, tangu awali, watu wenye muda na fedha, na wenye vyote viwili aghalabu ni watu wenye mvi. Kwa hiyo haishangazi kwamba kampuni hiyo hiyo ya Hamburg ndiyo iliyotia lifti ya umeme katika meli yake Amerika mwaka 1905. Mvumbuzi wa raha hiyo hakuwa akimfikiria mwenye ulemavu. Alikuwa akimfikiria tajiri asiyetaka kutokwa jasho kabla ya chakula. Miaka saba baadaye Titanic ilikuwa na lifti tatu kwa daraja la kwanza, moja kwa daraja la pili, na hakuna hata moja kwa daraja la tatu. Magoti ya maskini yalihesabiwa kuwa hayazeeki.

Vilikuja pia vidhibiti vya mrama, yaani mapezi ya chuma yatokayo ubavuni mwa meli chini ya maji na kupinga kuyumba kwake. Chusan ya P&O, mwaka 1950, ilikuwa miongoni mwa meli kubwa za abiria za kwanza kufungwa mapezi hayo. Ajuaye maana ya chombo kwenda mrama anaelewa kwamba mapezi hayo yalimfaa mwenye fimbo kuliko lifti zote.

Hata hivyo, tukio kubwa kuliko yote katika habari hii halikutokea katika meli ya matembezi. Lilitokea katika meli ya vita. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipooza miguu mwaka 1921, na katika maisha yake yote ya utawala alijitahidi watu wasimwone akibebwa. Wapiga picha walijua ni picha ipi wasiyopaswa kuipiga. Mwaka 1943 manowari Iowa, iliyompeleka upande wa pili wa Atlantiki alipokuwa akielekea Tehran, ilifungwa hodhi la kuogea kwa ajili yake, jambo lisilojulikana katika meli za vita. Tarehe 14 Februari 1945 alikuwa ndani ya meli nyingine, Quincy, iliyotia nanga katika Ziwa Kuu la Chungu, katikati ya Mfereji wa Suez. Mgeni wake alikuwa Mfalme Abdulaziz ibn Saud.

Mfalme alitoka Jeddah kwa manowari ndogo, Murphy. Mabaharia wa Kimarekani walishangaa kuona mazulia yakitandikwa juu ya sitaha ya chuma, hema likisimamishwa omoni, na kondoo wakipandishwa ili mgeni ale nyama iliyochinjwa siku ile ile. Mtu aliyelala nje maisha yake yote hakuona sababu ya kujifungia chumbani kwa kuwa tu yuko baharini. Lakini shujaa huyo wa jangwani alikuwa na majeraha ya vita vya zamani, na magoti yake yalikuwa yamechoka; kutembea kulimuuma. Alipokaa mbele ya Roosevelt alisema kwamba wao wawili ni kama mapacha, mmoja hatembei na mwingine anatembea kwa shida. Akakisifu kiti cha magurudumu. Roosevelt alikuwa na viwili, akampa kimoja.

Mkalimani wao, William Eddy, alizaliwa Sidon, na Kiarabu alikijua tangu utotoni. Naye pia alichechemea, kwa sababu ya yaliyompata katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika picha maarufu ya siku ile anaonekana amepiga goti moja mbele ya wakubwa wawili waliokaa. Hivyo mazungumzo ya dola mbili yaliendeshwa na watu watatu ambao hata mmoja hangeweza kupanda ngazi kwa wepesi. Si katika kila jambo walikubaliana: Roosevelt alitaka ridhaa ya Mfalme juu ya Wayahudi kuhamia Palestina, na Mfalme alikataa. Miezi miwili haikutimia Roosevelt akafa. Kiti kilirudi na Mfalme Arabuni; inasimuliwa kwamba mwili wake ulikuwa mkubwa mno kwa kiti hicho, na akakihifadhi kama hidaya bila kukitumia. Katika hidaya zote wanazopeana wafalme, panga na farasi na vito, ni nadra kupata moja iliyotoka kwa mtu anayejua hasa mwenzake anaumwa wapi.

Baada ya vita ndege iliichukua Atlantiki. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 wengi waliovuka walipita angani, na meli zilizozeeka zikatafutiwa kazi nyingine. Nyingi zilikwenda Miami, ambako wastaafu wa Marekani walikuwa wakihamia kwa wingi kufuata jua, na tiketi ya kwenda Nassau ilikuwa rahisi. Mojawapo ni Yarmouth Castle, iliyoundwa mwaka 1927, yenye mbao nyingi ndani yake na bendera ya Panama juu. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1965 ilishika moto katikati ya safari. Watu 90 walikufa, na wengi katika abiria walikuwa wazee. Baadhi ya mashua za kuokolea hazikuteremka. Mashua ya kwanza kuifikia meli ya waokoaji ilikuwa na nahodha ndani yake. Mwimbaji Gordon Lightfoot wa Kanada aliutungia mkasa huo wimbo, nayo mataifa yakakaza kanuni za moto: chuma mahali pa mbao.

Hapo ndipo historia inapopinda. Moto ule ulipaswa kufundisha kwamba meli inayowabeba wazee iundwe kwa ajili ya wazee. Somo lililochukuliwa na baadhi ya wenye meli lilikuwa jingine: kwamba asiyeweza kukimbia asikatiwe tiketi. Hoja ya usalama si ya uongo. Kizingiti cha mlango wa nje hakikuwekwa kwa inadi. Mkataba wa mwaka 1966 juu ya mistari ya ujazo wa meli unataka kizingiti cha sentimita 38 katika milango fulani ya sitahani ili maji yasiingie. Lifti husimamishwa wakati wa moto. Lakini hoja ya kweli pia hutumika vibaya, na bahari ina watu waliojua kuitumia hivyo kwa miaka mingi.

Linganisha na Uganda. Meli hiyo ya British India iliundwa Glasgow, ikaanza kazi mwaka 1952 kati ya London na pwani hii, na wazee wa Mombasa na Dar es Salaam wanaikumbuka. Biashara ilipokauka ikageuzwa, mwaka 1967 na 1968, kuwa meli ya masomo: wanafunzi zaidi ya 900 mabwenini, na watu wazima 300 hivi vyumbani. Aprili 1982 ilikuwa safarini na watoto ilipoitwa vitani. Wanafunzi walishushwa Naples; huko Gibraltar, kwa siku chache tu, ilifungwa uwanja wa helikopta, kumbi za starehe zikawa wodi, ikaenda Falkland kuwa hospitali. Majeruhi zaidi ya 700 walitibiwa humo, Waingereza na Waajentina, na wasioweza kusimama hawakuwa tatizo kwa kuwa meli ilitengenezwa kwa kuwatazamia. Kilichosemwa mahali pengine kuwa ni muhali kilikamilika kabla ya rangi kukauka.

Sheria ilifuata taratibu. Marekani ilipitisha mwaka 1990 sheria ya kukataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, lakini meli nyingi zilizojaza abiria Miami na Houston zilipeperusha bendera za Bahamas au Panama, na wenye meli walisema sheria hiyo haiwafikii. Abiria waliopanda Houston mwaka 1998 na 1999 waliishitaki Norwegian Cruise Line. Walidai kwamba walitozwa nauli ya ziada, walitakiwa wasafiri na msaidizi, na kwamba kampuni ilijiwekea haki ya kumshusha mwenye ulemavu ambaye kuwapo kwake kungehatarisha starehe ya abiria wengine. Neno hilo starehe linastahili kutazamwa mara mbili. Si usalama, starehe. Tarehe 6 Juni 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria inazifikia meli za kigeni zikiwa katika maji ya Marekani. Jaji Kennedy, aliyeandika hukumu, aliacha mlango mmoja: kizuizi hakilazimiki kuondolewa ikiwa kukiondoa kutavunja mikataba ya kimataifa ya usalama. Kizingiti kile cha sentimita 38 hakikusahauliwa. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni yake mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, nayo inakataza kumnyima mtu tiketi kwa ulemavu wake ila kwa sababu ya usalama au umbo la meli.

Wakati mahakama zikibishana, Uingereza ilikuwa tayari na jibu la namna nyingine. Taasisi ya Jubilee Sailing Trust, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliunda jahazi la milingoti mitatu, Lord Nelson, lililoanza safari mwaka 1986, na baadaye la pili, Tenacious, mwaka 2000. Haya hayakuwa majahazi ya kutembezwa. Wenye ulemavu na wasio nao walikuwa mabaharia pamoja, wakishika zamu usiku, wakivuta kamba, wakisugua sitaha. Palikuwa na lifti ndogo za kupitisha viti baina ya sitaha, na dira yenye kusema, ili kipofu naye ashike usukani. Kati ya 2012 na 2014 Lord Nelson iliizunguka dunia. Ikasimama mwaka 2019, na mwaka 2023 fedha zikaishia taasisi yenyewe.

Katika majahazi hayo mwenye kiti cha magurudumu aliyetaka kuona bahari kutoka juu ya mlingoti hakukatazwa. Alifungwa mikanda pamoja na kiti chake, kamba ikapitishwa katika kapi, na wenzake wa zamu wakaishika kwa mikono, si kwa winchi, wakavuta kwa sauti moja hadi akafika juu ya matanga. Kiswahili kina kitenzi kwa tendo hilo, nacho si kupanda wala kupakiwa. Alipandishwa.