Hakimu Asiye na Nyumbani: Usawiri wa Mahakama katika "Vioja Mahakamani"

Mtazamaji wa Vioja Mahakamani, mchezo wa kuchekesha ulioanza kuonyeshwa enzi za Sauti ya Kenya, anawajua vyema Ondiek Nyuka Kwota na Makokha Makacha. Anajua tamaa zao, ugomvi wao na majirani, hata lafudhi zao. Hakimu hamjui. Huingia, watu wakasimama. Husikiliza, akahukumu, akatoka. Hatuonyeshwi mwenzake wa ndoa, deni lake wala hofu yake. Je, huu ni udhaifu wa usawiri?

Historia ya mahakama inatusaidia kujibu. Chini ya sheria ya Mahakama za Kiafrika ya mwaka 1951, kesi nyingi za wenyeji ziliamuliwa na wazee. Huku Kericho, wilaya iliyojumuisha Bomet hadi mwaka 1992, mzee wa namna hiyo aliishi miongoni mwa wadai na wadaiwa. Ng'ombe wake walijulikana, na wakwe zake pia. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 ilizifuta mahakama hizo. Hakimu akawa mtumishi wa serikali, mtu wa kupelekwa na kuhamishwa. Umbali huo ulikusudiwa kuzuia upendeleo. Hakimu wa runinga ni zao la mabadiliko hayo.

Suala la pili ni lugha. Tangu miaka ya 1920, mashamba makubwa ya majani chai yamewakutanisha Wakipsigis, Waluo, Wakisii na Waluhya, na Kiswahili kikawa daraja lao. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Taratibu za Makosa ya Jinai kinaruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili, na kinataka ushahidi utafsiriwe kwa mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika. Kwenye runinga, mshtakiwa hujitetea kwa Kiswahili cha kuungaunga, nasi tunacheka. Hapa pana kinaya: pale sheria ilipoona haki, mchezo umeona kichekesho. Darasani kwetu, anayeicheka lafudhi hiyo huenda anamcheka mzazi wa mwenzake anayechuma chai.

Katiba ya mwaka 2010 imeleta sura mpya. Ibara ya 260 inawahesabu mahakimu kuwa maafisa wa Serikali, na ibara ya 75 inadai mwenendo mwema hata katika maisha yao ya faragha. Kisha sheria ya mwaka 2011 ikaanzisha ukaguzi wa majaji na mahakimu. Taifa lilianza kumuuliza hakimu yale ambayo mchezo haukuwahi kumuuliza. Mtunzi wa leo akimfuata hakimu hadi nyumbani, atapata mgogoro wa nafsi: shemeji anayeomba msaada, au mtoto anayefanana na mshtakiwa wa asubuhi.

Kwa hivyo mtahiniwa asitosheke kuandika kwamba hakimu "ni mwenye haki". Na aonyeshe mtunzi amemficha nini, na ni nani anayefaidika na ukimya huo.